TAMKO LA TAWI: Kuku wa shule, sauti inayozunguka, na msimamo wetu

Ndugu wanachama na wapenzi wa chama,



Kwa wiki mbili sasa kuna sauti inazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Msemaji anadai kwamba kuku wanaopikiwa watoto wetu katika shule za huku Marekani ni "kuku wa msaada", kwamba serikali hutoa kuku wazuri na kiwanda huwabadilisha kikaweka wabovu, na kwamba mzazi mwenye akili amtoe mtoto wake kwenye chakula cha shule. Wazazi kadhaa wa tawi letu wameshaanza kufanya hivyo. Kamati ya Utendaji ilikaa, ikasoma kanuni zenyewe, na haya ndiyo maoni yetu. Ni marefu kidogo. Tunaomba msome mpaka mwisho kabla ya kujibu kundini.

*Ni kweli kuku hubadilishwa*

Tusianze kwa kumwita mtu mwongo, maana katika lile la kubadilisha hakusema uongo. Kanuni za Wizara ya Kilimo ya Marekani (USDA), Sehemu ya 250, zilizofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2018, zinaruhusu kiwanda kinachochakata kuku wa serikali kutumia kuku wake wa biashara badala ya wale waliotolewa na serikali. Kinaweza hata kuwatumia kabla lori la kuku wa serikali halijafika. Kisha wale wa serikali wanapofika, kiwanda kinawatumia katika shughuli zake nyingine.

Aliyekulia Kyela au Kahama ataelewa haraka. Unapeleka gunia lako la mpunga mashineni. Mwenye mashine anakwambia, "Mama, usisubiri foleni, chukua mchele huu uliokwisha kukobolewa, mpunga wako tutaukoboa kesho." Ukiwa na haraka, unakubali. Lakini mwenye mpunga wa Kyela hatakubali kupewa mchele wa kwingine, atakaa pale pale mpaka aone wake unamiminika. Kwa hiyo suala zima liko hapa: mchele unaopewa ni sawa na wako au si sawa, na nani amethibitisha.

Kanuni inajibu hivi. Kuku wa kubadilishia lazima awe wa aina ile ile, awe amefugwa na kuchinjwa Marekani, na awe sawa au bora kuliko yule wa serikali katika kila kigezo ambacho wizara iliweka iliponunua: ukaguzi, daraja, vipimo, na namna ndege alivyotendewa kabla ya kuchinjwa. Kiwanda hakianzi kubadilisha mpaka wizara iwe imeidhinisha. Na kazi ya kuchakata kuku, ng'ombe au nguruwe wa serikali hufanyika mbele ya mkaguzi wa serikali anayeangalia madaraja, isipokuwa pale palipotolewa ruhusa maalumu.

Kuna na kipengele kingine ambacho sauti ile haikukigusa. Ikiwa shule ilishapokea kuku wake na ikawapeleka yenyewe kiwandani kutoka ghalani kwake, hao hawaruhusiwi kubadilishwa. Shule irudishiwe wale wale. Ni sawasawa na gunia ulilokuja nalo kichwani kutoka nyumbani, tofauti na gunia lililotoka bohari ya serikali moja kwa moja.

Kwa nini wakaruhusu mabadilishano haya? Si kwa ajili ya kuficha kitu. Serikali hununua kuku kwa zabuni na kuwapeleka kiwandani kwa malori mazima, na lori lina siku yake. Kiwanda nacho hakiwezi kuzima mashine na kuwaambia wafanyakazi wakae bila kazi wakisubiri kuku wa serikali, halafu kikimbizane siku watakapofika. Wanachama wetu wanaofanya kazi kwenye viwanda vya kuku, na tunao wa kutosha, wakiwemo ndugu zetu kutoka Kongo wanaohudhuria shughuli zetu, wanajua mkanda ukisimama nini hutokea. Kwa maoni yetu ruhusa hii ni ya busara. Bila yake shule ndogo ingesubiri nageti za Oktoba mpaka Februari.

*Kwa nini watu wanaamini ni wabovu*

Tunadhani hofu hii haikuota hewani. Mwezi Desemba 2009 gazeti la USA Today lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba tangu 2001 wizara ilikuwa imetumia zaidi ya dola milioni 145 kununulia shule nyama ya kuku wa mayai waliokwisha kuchoka kutaga, nyama ambayo kampuni kubwa za vyakula vya haraka hazikutaka kuigusa. Gazeti hilo lilionyesha pia kuwa baadhi ya kampuni hizo zilikuwa zikipima nyama yao ya ng'ombe mara nyingi zaidi kuliko serikali ilivyopima ile ya watoto. Kelele zilipigwa, na wizara ikatangaza kubana masharti ya nyama ya ng'ombe ya kusaga.

(Tuseme la pembeni: kwetu kuku wa mayai aliyechoka hauzwi kama takataka. Anauzwa Krismasi na Idi, anachemshwa saa mbili, na mchuzi wake hausahauliki. Kosa lilikuwa kumpeleka mtoto nyama yenye masharti mepesi kuliko ya duka la barabarani. Umri wa kuku si hoja.)

Kwa hiyo mtu anaposema "wanawapa watoto mabaki", anakumbuka jambo lililowahi kuwa na mzizi. Lakini hilo lilikuwa suala la kile serikali yenyewe ilichonunua. Kiwanda hakikuiba kuku mzuri. Ukilichanganya na suala la kubadilishana, unamlaumu asiyehusika na kumwacha anayehusika anakwenda zake.

Hata neno "msaada" linatupotosha. Kwenye karatasi za huku wanaviita vyakula vilivyotolewa, na sisi tukitafsiri tunapata picha ya gunia lenye bendera ya wafadhili. Si hivyo. Mwaka 1935, wakati wa ule mdororo mkubwa, Bunge la Marekani lilitenga asilimia 30 ya mapato ya ushuru wa forodha ili kuinua bei za wakulima waliokuwa na mazao ya ziada. Mwaka 1946 ikaja sheria ya taifa ya chakula cha mchana shuleni, aliyoisaini Rais Truman. Leo watoto karibu milioni 29 wanakula chakula hicho kila siku ya shule. Kila jimbo hupewa mgao wa vyakula kulingana na idadi ya milo iliyotolewa, na shule huamua itumie mgao wake kwa kuku, jibini, maharage au matunda. Nao mgao huo unatoka kwenye kodi, ikiwemo ile inayokatwa kwenye mshahara wa dada yetu anayesimama saa nane kwenye baridi ya kiwanda. Mwanaye anapokula nageti zile, hali sadaka ya mtu. Tunaomba hili lisemwe nyumbani, kwa sababu tumesikia watoto wakubwa wanaona aibu kupanga foleni.

*Pesa iko wapi*

Sehemu hii inatukera zaidi kuliko suala la ubora, na ajabu ni kwamba hakuna anayeizungumzia. Kiwanda kikishapewa kuku wenye thamani fulani, lazima thamani hiyo yote imfikie mlaji. Kuna karatasi inayoonyesha kila boksi la nageti limeingia ratili ngapi za kuku wa serikali. Shule inapolinunua boksi hilo, thamani ya kuku inaondolewa kwenye bei: ama kwa punguzo kwenye ankara, ama kwa kurudishiwa fedha baadaye, ama shule inalipia kazi ya kuchakata peke yake. Kiwanda huweka dhamana ya fedha kufidia kuku walio mikononi mwake, hutoa taarifa kila mwezi, na hakitakiwi kulimbikiza zaidi ya matumizi ya miezi sita bila kibali.

Mfumo kwenye karatasi ni mzuri. Shida ni kwamba unategemea shule kudai. Shule ikisahau kuomba marejesho yake, au ikiagiza minofu ya kifua tu huku mapaja yaliyo kwenye mgao wake yanakaa bila kuguswa, ratili zinabaki kwenye vitabu vya kiwanda. Wilaya tajiri ina mtu wa kufuatilia. Wilaya maskini, ambako wengi wetu tunaishi kwa sababu ya kodi ya nyumba, ina mama mmoja anayesimamia majiko matano. Na usimamizi dhaifu una gharama: huko Harvey, Illinois, msimamizi mmoja wa chakula cha shule aliagiza maboksi zaidi ya 11,000 ya mabawa ya kuku yasiyofika kwa wanafunzi, mali ya zaidi ya dola milioni 1.5, na mwaka 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 9. Wale hawakuwa kuku wa mgao, walinunuliwa kwa fedha za wilaya. Kilichomfichua ni ukaguzi wa kawaida wa bajeti, mtu aliyekaa akajumlisha. Shule hazihudumii watoto mabawa yenye mifupa, lakini ankara zilipita.

Kwa hiyo badala ya kuuliza "kuku huyu ni mbovu?", mzazi aende kwenye kikao cha bodi ya shule aulize: mwaka jana mgao wetu wa kuku ulikuwa kiasi gani, tumetumia kiasi gani, na kilichobaki kiko wapi? Huhitaji uraia kuuliza. Vikao vya bodi za shule viko wazi, na vingi vina muda wa wananchi kusema.

*Halali*

Hapa ndipo ubishi ulipokuwa mkali kwenye kikao chetu, na ndipo tunapoona kanuni ile ile inayolaumiwa inaweza kutufaa.

Familia nyingi za tawi letu, hasa kutoka Zanzibar, Tanga na Mombasa, watoto wao hawali kuku wa shule kwa sababu hakuchinjwa kwa njia ya halali. Wanakula jibini kila siku, au wanarudi na njaa. Wenzetu wawili walisema basi tukubali tu, hii ni nchi ya watu. Hatukukubaliana nao.

Kanuni za chakula cha shule zinahimiza shule kuzingatia dini na mila za watoto, haziwalazimishi. Sheria ya Kilimo ya 2014 iliiagiza wizara iweke mpango wa kuongeza ununuzi wa vyakula vya halali na vya kosher, lakini agizo lile lilihusu mpango wa chakula cha dharura unaopitia kwenye benki za chakula. Shule hazikutajwa. Inaonekana mlango umefungwa.

Sasa turudi mashineni. Kiwanda kinaruhusiwa kutumia kuku wake mradi awe sawa au bora kwa kila kigezo na awe ameidhinishwa. Tulipozisoma kanuni za kubadilishana hatukuona mahali zinapokataza kuku huyo wa kiwandani awe amechinjwa kihalali. Sheria ya ukaguzi wa kuku ya 1957 yenyewe inatambua uchinjaji wa kidini. Hivyo kiwanda chenye kuku halali waliokaguliwa na serikali, kikiwa na mkataba wa uchakataji na kikakubaliwa na wizara, kinaweza kupokea mgao wa wilaya yetu na kurudisha nageti za halali. Mgao ni ule ule, na punguzo la bei ni lile lile. Tofauti ni kwamba mtoto wa Bi Mwanaisha na mtoto wa Baba Neema wanakula meza moja.

Vizuizi vipo, tusidanganyane. Viwanda vya namna hiyo ni vichache, gharama ya kuchakata inaweza kuwa juu, na jiko la shule linatakiwa lisichanganye mafuta na vyombo, jambo ambalo mpishi mmoja mwenye watoto mia tano halifanyi kwa kuombwa tu. Wilaya nayo haitahangaika kwa ajili ya familia mbili. Itahangaika kwa ajili ya orodha ya majina. Tena kuna suala la muda: wilaya nyingi hupanga maagizo ya mwaka ujao wa masomo katika miezi ya baridi. Ukienda Agosti na malalamiko utaambiwa kwa upole kwamba mgao umeshagawanywa.

Ndiyo maana kumtoa mtoto kwenye chakula cha shule ni hatua mbaya hata kwa mwenye nia nzuri. Mgao hukokotolewa kwa idadi ya milo. Watoto wetu wakitoka, milo inapungua, mgao unapungua, na sisi tunapoteza sababu ya kusikilizwa. Kwa familia yenye sifa ya mlo wa bure, kutoka kunamaanisha dola kadhaa kila siku kwa kila mtoto kutoka mfukoni.

*Yaliyopunguzwa 2025*

Kwa ufupi, maana hili wengi mmelihisi kwenye foleni za chakula. Machi 2025 wizara ilifuta mipango miwili ya kununua chakula kwa wakulima wa karibu kwa ajili ya shule na benki za chakula, jumla yake takriban dola bilioni moja, na ikasitisha shehena za chakula cha dharura za karibu dola milioni 500. Mwezi uliofuata iliondoa mapendekezo ya kudhibiti vimelea vya salmonela kwenye kuku wabichi. Sisi si tawi la chama chochote cha Marekani na hatutasema nani apigiwe kura na wenye kura. Tunasema tu kwamba kuku wa kiwandani anapotakiwa awe "sawa" na wa serikali, usawa huo una maana kama kipimo chenyewe hakilegezwi.

*Na nyumbani je?*

Mnakumbuka mchele wa Dodoma. Mwaka 2024 serikali ya Marekani ilipeleka mchele ulioongezwa virutubisho, maharage na mafuta kwa shule za mkoa ule, mitandao ikawaka moto. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, alisema ingefaa fedha zinunue mazao ya wakulima wetu na virutubisho viongezwe hapo hapo nyumbani. Wengi tulimshangilia, hata tusiokubaliana naye kwa mengine. Ila kushangilia hakujengi mfumo.

Marekani hawamgawii mtoto kuku kwa sababu ya huruma peke yake. Mfugaji wao ana ziada, bei inaanguka, serikali inanunua, kiwanda kinachakata, shule inapika, na kila hatua ina karatasi inayosema ratili ngapi zimetoka kwa nani kwenda kwa nani. Kwetu mfugaji wa kuku wa nyama akikosa soko wiki ya sita, anawalisha kwa hasara au anawauza kwa bei ya kuomba. Na kilomita mbili kutoka bandani kwake shule inawapa watoto makande yasiyo na kitoweo, kwa michango ya wazazi ambayo nusu hawajalipa. Nchi hiyo hiyo imezuia kuku kutoka nje tangu 2006 kwa hofu ya mafua ya ndege, na mwaka 2017 iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyokamatwa Namanga. Tumeweza kulinda mpaka kwa moto. Hatujaweza kuwaunganisha mfugaji na shule.

Kwa hiyo tawi limeazimia kupeleka pendekezo makao makuu, liingizwe kwenye maandalizi ya sera ya chama: halmashauri zitengewe fungu la kununua kuku na mayai ya wafugaji wa wilaya husika bei inapoanguka, machinjio yenye mkaguzi wa mifugo yapewe mikataba ya kuchakata, na kila shule ipate taarifa ya maandishi ya kile ilichotengewa na ilichopokea, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo ambapo mzazi yeyote anaweza kuisoma. Mayai yaanze kwanza. Shule nyingi hazina umeme wa kuaminika, na kuku mbichi bila jokofu ni hatari kuliko kukosa kuku. Wapo waliosema kikaoni kwamba jambo hili litakuwa ulaji mwingine wa wakubwa. Inawezekana. Ndiyo maana tunang'ang'ania ubao wa matangazo kuliko tunavyong'ang'ania fungu lenyewe.

*Tunachoomba kwenu sasa*

Msiendelee kuisambaza sauti ile. Aliyeirekodi tunamfahamu, ni mwenzetu, tumezungumza naye kwa heshima na amekubali kuja kikaoni.

Familia zinazotaka chakula cha halali ziandikishe majina ya watoto, shule na wilaya kwa Katibu wa Tawi. Tumeni faragha, si kundini, kwa sababu majina ya watoto hayazungushwi. Orodha itafungwa mwisho wa mwezi huu ili iwahi maagizo. Mwanachama anayefanya kazi jikoni shuleni au katika kiwanda cha kuku na anaweza kutueleza utaratibu wa eneo lake, naye awasiliane na Katibu. Asitume nyaraka za mwajiri wake wala picha za ndani ya kiwanda, hatutaki mtu apoteze kazi.

Mzazi anayetaka kwenda kwenye bodi ya shule na anaona Kiingereza kitamwangusha, tunao vijana watatu waliojitolea kumsindikiza na kumtafsiria. Aseme siku tatu kabla.

Imetolewa na Katibu Mwenezi, kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi.